SOMO: MASHINE ILIYOONGEZWA MWENDO NA FENI YA ZIADA



Katika mikutano yetu ya Jinja na Mbale swali moja limerudi mara nyingi: mwajiri akiongeza mwendo wa mashine, kisha akaleta feni ya kuipoza, je, mambo yamekwisha? Leo tulijibu swali hilo. Tutaanza na mashine ndogo, kompyuta ya mezani iliyo katika ofisi yetu.

Kompyuta hiyo ilikuwa mvivu. Kijana anayetusaidia akaingia katika mipango yake ya ndani, akailazimisha ipige hesabu haraka kuliko alivyopanga mtengenezaji. Asubuhi ilikwenda vizuri. Saa nane mchana, tukiwa katikati ya orodha ya michango, ikazimika. Kijana akanunua feni mbili, akazifunga. Ikazimika tena, na kazi ya siku nzima ikapotea. Ndipo fundi mmoja wa redio akatuonyesha kosa: feni zote mbili zilikuwa zikitazamana, kila moja ikisukuma hewa ndani, na hakuna iliyotoa hewa nje. Akazipanga upya: ya mbele, chini, ivute hewa ya chumba; ya nyuma, juu, itoe hewa ya moto. Akapangusa vumbi, na mwendo akaupunguza kidogo. Tangu siku hiyo haijatusumbua.

Tufahamu sababu. Umeme unaoingia katika prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachopiga hesabu, hugeuka kuwa joto. Ukiongeza mwendo, mara nyingi huna budi kuongeza na volti. Mwendo ukiongezwa kwa sehemu moja ya kumi, na volti vivyo hivyo, joto haliongezeki kwa sehemu moja ya kumi tu, bali karibu kwa theluthi moja. Feni haipunguzi joto linalozaliwa. Kazi yake ni kulihamisha, basi. Na hata ukifunga feni kumi, haziwezi kuifanya mashine iwe baridi kuliko hewa ya chumba ilimo.

Sasa twende kiwandani. Kila mota ina kibao cha chuma kilichoandikwa nguvu yake, volti, ampea na mizunguko. Tunawaomba mjifunze kukisoma, maana hicho ndicho kiapo cha mtengenezaji. Mota ya kawaida ya mizunguko 1,450 kwa dakika hutumia umeme unaopiga mara 50 kwa sekunde. Siku hizi kuna sanduku la kubadilisha mwendo linaloweza kuufikisha umeme huo 60, na mota ikakimbia zaidi kwa sehemu moja ya tano. Wengine hubadilisha puli tu, bila sanduku lolote. Nguvu inayodaiwa haifuati mwendo kwa usawa. Pampu ya maji ikiongezwa mwendo kwa sehemu hiyo moja ya tano, hudai nguvu karibu mara 1.7 ya ile ya kwanza.

Mafundi wa mota wana kanuni yao ya kukadiria: kila nyuzi 10 za joto zinazozidi kipimo hupunguza kwa nusu umri wa ngozi inayofunika waya za ndani. Ngozi hiyo ikipasuka, mota imeungua, na mara nyingi wa kwanza kuulizwa ni yule aliyekuwa zamu.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku. Vipimo vya kibao kwa kawaida huhesabiwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40, na mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Jinja na Mbale zote zimepita mita 1,100. Tofauti si kubwa, lakini hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Mombasa, na hubeba joto pungufu kuliko ya huko. Mota iliyobebeshwa mpaka mwisho wa kibao chake haina akiba hapa kwetu. Tena ongeza vumbi la pamba, au makapi ya kahawa kwa ndugu zetu wa mashine za kukoboa Mbale. Yakijaa katika mapezi ya mota, feni inapuliza juu ya blanketi. Ndugu wa mashamba ya miwa wanalijua hili kwa trekta: radieta ikizibwa na majani, feni izunguke itakavyo, maji yatachemka.

Je, joto lililohamishwa linakwenda wapi? Katika kiwanda kimoja tulikuta feni mpya imefungwa nyuma ya mota, na upepo wake wa moto unamwangukia mama anayeunga nyuzi. Mashine imepozwa, yeye amepikwa. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Hewa ikizidi joto la ngozi, nyuzi 35 hivi, feni humpulizia mtu moto, na jasho peke yake ndilo linalomwokoa. Katika ufumaji hewa huwekwa unyevu ili uzi usikatike, kwa hiyo jasho nalo linachelewa kukauka. Na kumbuka kwamba mashine imeongezwa mwendo: nyuzi nyingi zaidi za kuunga, kwa mikono ile ile miwili.

Kwa hiyo jibu letu ni hapana, mambo hayajakwisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi, na inawatambua wawakilishi wao wa usalama. Mwakilishi adai kipimajoto kitundikwe pale mtu anaposimama, si mlangoni. Adai hewa ya moto itolewe nje ya jengo, maji ya kunywa yawe karibu, na muda wa kupumzika pamoja na idadi ya mashine kwa kila mtu vizungumzwe kabla ya puli kubadilishwa.

Kabla ya mkutano ujao, kila tawi liandike katika daftari: maneno yote ya kibao cha mota, mwendo wa zamani na wa sasa, joto la saa nne asubuhi na la saa tisa mchana, na upande unaoelekea upepo wa feni. Asiyeweza kuandika amwambie mwenzake. Kibao kisomwe mashine ikiwa imesimama.