Rangi za Mafuta na Mapokeo ya Wenyeji: Kutoka Uchina hadi Katavi

1.0 Utangulizi
Uchoraji wa rangi za mafuta ulifika Afrika Mashariki kama ulivyofika Uchina: ukiwa umekwisha kukomaa Ulaya, pamoja na kanuni zake za vivuli na za kuonyesha umbali. Makala haya yanajadili swali moja. Je, sanaa ngeni huwa ya wenyeji kwa kubadilishiwa maudhui tu, au fani nayo sharti ibadilike? Tunadai kuwa maudhui peke yake hayatoshi.

2.0 Mfano wa Uchina
Mwaka 1953 Dong Xiwen alichora sherehe ya kutangazwa kwa Jamhuri ya Watu wa China ya tarehe 1 Oktoba 1949. Katika miaka ya 1940 msanii huyo alikuwa amekaa Dunhuang akinakili michoro ya kale ya mapangoni. Katika picha yake alitumia rangi angavu, mithili ya picha ambazo Wachina hubandika nyumbani wakati wa mwaka mpya. Aidha, aliiacha nguzo moja ambayo kwa kanuni za umbali ingepasa kuonekana, ili uwanja uonekane mpana. Hapo fani yenyewe ilibadilika.

Hata hivyo, picha hiyo ina funzo la pili. Gao Gang alipoanguka kisiasa, msanii aliamriwa kuifuta sura yake pichani. Ni dhahiri, basi, kuwa "utaifa" wa sanaa waweza kugeuka amri ya watawala.

3.0 Sam Ntiro
Kwetu, mfano bora ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha katika chuo cha sanaa cha Slade, London. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imo katika hazina ya Jumba la Sanaa za Kisasa la New York.

Watu wa Ntiro ni wadogo, hawatofautishwi sana kwa sura, na kazi yao ni ya pamoja. Baadhi ya wahakiki waliona humo uchanga wa ufundi. Maoni hayo hayana uzito: aliyepitia Slade alizijua kanuni hizo, na kuziacha kulikuwa uamuzi. Kinachotawala picha ni ujamaa wa watu, wala si mtu mmoja.

4.0 Swali kwa Mchoraji wa Mpanda
Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una jina linalohusishwa na Katabi, mzimu wa mwindaji. Husimuliwa kuwa hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huweka sadaka hapo. Mchoraji akiuweka mkwaju huo nyuma ya viboko na tembo, mdogo kwa kuwa uko mbali, atakuwa ameeleza anachokiona mtalii. Akiukuza kwa kadiri ya heshima yake, atakuwa ameeleza wanachokijua Wabende na Wapimbwe.

5.0 Hitimisho
Tumeonyesha kuwa rangi za mafuta huwa za wenyeji pale jicho linalotazama linapokuwa la wenyeji. Jicho hilo haliamriwi na dola wala halinunuliwi sokoni; hulelewa na jamii.