Masomo ya mtandao: namna ya kujua kama yanakufaa



Tangu vita ifike Goma mwezi wa Januari 2025, kukusanya watu kwa mafunzo kumekuwa kazi ngumu. Uwanja wa ndege ulifungwa, banki zilifunga milango, na si kila barabara ya kwenda mashambani unaweza kuiamini. Kwa hiyo mafunzo yanazidi kupita kwa simu: video, sauti za WhatsApp, hata masomo marefu yenye mtihani na sertifika. Wanachama wanatuuliza: "Ile masomo ya mu telefone, miye mutu muzima itanisaidia, ao nitakula tu mega bure?"

Jibu halitegemei umri wako, wala darasa uliloachia. Linategemea somo lenyewe, saa zako, na watu walio karibu nawe. Chukua kaye na biki, ujibu maswali haya matano kabla ya kujiandikisha.

1. Unataka kumaliza shida gani?

Mtoto anasoma leo ili atumie miaka inayokuja. Mutu muzima ana shamba, watoto na deni; anashika vizuri kile atakachotumia karibuni. Andika hivi: "Nataka kujua ......... ili msimu huu nifanye ........."

Mfano: "Nataka kujua namna ya kukausha kahawa mpaka unyevu ufike 12 kwa 100, ili mnunuzi asiirudishe." Hilo ni lengo. Lakini "nataka kujua kilimo cha kisasa" ni pana mno. Utafungua video kumi na hakuna itakayobadilisha kitu shambani. Kama huwezi kujaza mistari hii miwili, ngoja kwanza. Somo halitakimbia.

2. Ni somo la kichwa ao la mkono?

Kuna mambo yanayofundishika vizuri kwa simu. Chukua sheria ya koperative. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya koperative ilipitishwa Lomé tarehe 15 Disemba 2010. Inasema koperative ndogo inahitaji wanachama 5 kwa uchache, na ile yenye baraza la uongozi wanachama 15. Prezida, mwandishi na mtunza sanduku wanaweza kusoma mambo hayo kwa simu, wayarudie mara tatu, na kuulizana. Hata hesabu za sanduku ni vilevile.

Lakini chukua ule ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, ambao ulionekana Masisi mwaka 2001 na ukaenea Kivu yote. Video itakuonyesha dalili: ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina unaona maji mazito ya manjano. Itakuambia ukate shina lililougua tu, uondoe lile ua linaloning'inia chini ya mkungu kwa kijiti chenye panda bila kutumia kisu, na usafishe panga kwa moto ao kwa maji ya javeli. Hayo yote utayasikia. Ila kutofautisha mgomba mgonjwa na ule wenye kiu tu, hilo linataka usimame shambani na mtu aliyekwisha kuuona.

Ndiyo sababu shamba-shule za wakulima, zile mnaziita CEP, bado zina kazi. Zilianza Indonesia mwaka 1989 kwenye mashamba ya mpunga: wakulima wanakutana kila wiki, wanatazama mmea, wanajadili, wanaamua pamoja. Kwa somo la mkono, simu inaweza kukutayarisha ao kukukumbusha. Haiwezi kuchukua nafasi ya shamba.

3. Mega, chaji na lugha unavyo?

Tufanye hesabu. Saa moja ya video, hata ya kiwango cha chini, inaweza kula mega 300 hivi. Saa moja ya sauti za WhatsApp haifiki mega 20. Basi somo la video la saa 2 kwa wiki, kwa wiki 6, ni saa 12, yaani mega 3,600. Zidisha kwa bei ya mtandao wako, kisha ujiulize: franka hizo zingenunua kilo ngapi za mbegu ya maharagi? Kama lile somo litakurudishia zaidi ya hizo kilo, endelea. Kama sivyo, tafuta njia ya bei ndogo.

Na njia ziko. Access Agriculture ina video za wakulima katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na unaweza kuzishusha bila kulipa mwenye video. Mtu mmoja anashusha mjini, wengine wanapokea kwa Bluetooth ao kwa kadi ya simu. Programu ya Nuru inatazama jani la muhogo na kukuambia kama kuna ugonjwa wa batobato ao wa michirizi. Inasema Kiswahili, na ikisha kuingia kwenye simu inafanya kazi bila mtandao. FAO nayo ina masomo marefu ya bure, na mengi yako kwa Kifaransa.

Hapo angalia lugha. Kama Kifaransa chako ni cha sokoni tu, somo la kurasa 40 litakuchosha kabla ya ukurasa wa tano. Si juu ya ujinga. Chagua la Kiswahili, ao soma na kijana wa nyumbani anayekutafsiria.

4. Saa yako iko wapi?

Usiseme "nitapata nafasi." Andika siku na saa. Mama anayeamka saa kumi alfajiri, anachota maji, analima, anapika, hana saa mbili za jioni. Lakini anaweza kuwa na dakika 20 za kusikiliza sauti akichambua maharagi. Basi somo la sauti linamfaa kuliko la video. Na kama simu ya nyumbani ni moja na inashikwa na papa, zungumzeni mapema: simu itakuwa kwa nani, siku gani.

5. Nani atakushika mkono?

Watu wengi wanaanza masomo haya na kuyaacha njiani, hata kule kwenye umeme na mtandao mzuri. Watafiti walitazama masomo ya bure ya vyuo vya Harvard na MIT huko Marekani. Katika mwaka wa 2017 na 2018, kwa watu 100 waliojiandikisha, walimaliza 3 hivi. Lakini kati ya wale waliolipia sertifika, walimaliza 46 kwa 100. Aliyetoa kitu chake alikuwa na sababu ya kurudi.

Hatusemi mlipe. Tunasema mjifunge. Someni watu watatu ao wanne, mkutane kila wiki, na kila mmoja aeleze alichojifunza. Kutokuja bila maelezo ni aibu mbele ya wenzako, na aibu hiyo inasaidia.

Angalizo: mtu akikuandikia kwamba ukimtumia pesa leo atakupa diploma ao kazi kesho, usitume. Somo la kweli linakuonyesha kwanza nani anafundisha, utajifunza nini, na mtihani uko namna gani.

Zoezi la wiki mbili

Chagueni video moja ya Kiswahili isiyopita dakika 15, juu ya shida mliyoiandika kwenye swali la 1. Itazame mara mbili. Andika mambo matatu. Siku inayofuata mweleze jirani bila kushika simu. Kisha fanya jambo moja kati ya hayo kwenye mistari miwili tu ya shamba, na uandike mega na saa ulizotumia.

Kama jirani amekuelewa na ile mistari miwili umeifanya, masomo ya mtandao yanakufaa. Tafuta somo refu zaidi. Kama uliweza kueleza lakini mkono ulikwama, unahitaji shamba-shule pamoja na simu. Na kama wiki mbili zimepita hukupata hata dakika 15, usijilaumu. Sema hapana kwa msimu huu, uweke mega zako kwenye mbegu, na umwombe mwenzako aliyesoma akufundishe shambani kwake. Hiyo nayo ni shule.

Leteni majibu yenu kwenye mkutano ujao wa koperative. Yatatusaidia kujua masomo gani tuyatume kwa sauti, gani kwa video, na yapi tuyaache mpaka tuweze kukutana shambani.