Mida Wakati wa Kaskazi: Kumsaka Mla Kaa

Baridi inapobana Siberia na Asia ya Kati, vitwitwi na sululu hukimbilia pwani ya Kenya. Hori ya Mida, jirani na Watamu, ni mahali pazuri mno pa kuwatazama. Njooni kati ya Desemba na Machi, kaskazi ikivuma na mvua zimeadimika.

Kufika. Kutoka Mombasa pandeni matatu ya Malindi, mwambieni makanga awashushe Mida, kabla ya Gede. Daraja la mbao litawapitisha katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Lipeni kiingilio bila kunung'unika: husaidia kulipa karo ya watoto wa vijiji vya hapo.

Saa ya kwenda. Mwenye ratiba ni maji. Yakipwa kabisa, ndege hutawanyika mbali topeni, na hata darubini haifui dafu. Kaeni kibandani muda wa saa mbili hivi kabla ya maji kujaa. Kadiri yanavyopanda ndivyo ndege wanavyosukumwa kuja kwenu. Ulizeni wavuvi au angalieni jedwali la maji tangu jana yake.

Wa kumtafuta. Mgeni adimu ni mla kaa, Dromas ardeola: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi kama nyundo. Huzaliana fukwe za Oman, Uajemi na jirani zake, akichimba shimo mchangani na kuachia joto la ardhi limsaidie kuatamia. Akiwinda hupiga mbio, husimama ghafla, kisha humdona kaa. Angalieni pembeni yake: huenda pana kinda wa kijivujivu anayemfuata akiomba chakula, ingawa keshavuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe. Kitwitwi mwenye miguu ya manjano na mdomo uliopinda kwenda juu naye msimpite hivi hivi. Ndiye Xenus cinereus.

Mkiwa kundi. Gawaneni kazi: mmoja teleskopu, mwingine daftari, wengine kila mtu na upande wake. Msishuke topeni kuwafuata ndege. Kila wanaporushwa hupoteza nguvu, na ifikapo Machi wanahitaji mafuta mwilini kwa safari ya kurudi. Bebeni kofia na maji ya kunywa. Jua la kaskazi halina huruma.

Jioni. Ng'ambo ya barabara kuu upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Humo hulala bundi mdogo wa Sokoke, kimo chake shubiri moja tu, wa kijivu au wa rangi ya kutu. Bila kiongozi wa hapo mtapita chini ya tawi lake msimwone. Mpangeni mapema kupitia ofisi ya msitu iliyoko Gede, mpatane bei kabla ya kuingia, na akishawaonyesha bundi, pigeni picha bila mwanga wa kamera, kisha mwondoke.