Mume na Mke, Parokia Moja



Kuna swali ambalo wengi wetu hatuulizani nyumbani. Ninyi wawili mliofunga ndoa mbele ya altare moja, je, bado ni watu wa parokia moja? Jibu la haraka ni ndiyo, maana sote ni Wakatoliki na majina yetu yamo kitabuni. Lakini tutazame maisha yenyewe. Katika nyumba nyingi mama ndiye mtu wa jumuiya. Yeye ndiye anayejua zamu ya kusafisha kanisa, nani amelazwa, na mtoto wa nani anajiandaa kwa Kipaimara. Baba ni mtu wa mchango. Akiombwa shilingi hutoa, akiombwa kuja husema yuko kazini. Watoto huona yote hayo, na siku moja mvulana huanza kusema kwamba kanisa ni la akina mama.

Katika somo hili tutaangalia jinsi parokia inavyoweza kuishikilia ndoa, na jinsi ndoa mbili tatu zilizo imara zinavyoweza kuishikilia parokia. Tutachukua mfano wa sehemu moja ya Nairobi, Kenyatta Market na mitaa inayoizunguka.

JUMAPILI YA SOKONI

Anayeijua Kenyatta Market anajua mambo mawili yanayovuta watu pale: nyama choma na ususi. Soko liko karibu na Barabara ya Mbagathi, si mbali na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, kati ya Ngumo, Golf Course na Kibera. Wateja wake ni watu wa kazi za juma zima. Kwa hiyo siku wanayopumzika wao ndiyo siku ya kutoka jasho kwa mchoma nyama na msusi.

Tuchukue mfano wa mume mwenye kibanda cha nyama na mkewe anayesuka nywele vibanda vichache kutoka hapo. Jumapili mke anakwenda Misa ya kwanza, mume anabaki kuwasha moto. Amekusudia kwenda Misa ya pili. Saa nne wateja wamefika, na Misa ya pili imempita. Jumapili ijayo ni vivyo hivyo. Hakuna aliyekosa imani hapo, wala hakuna aliyegombana na Padre. Lakini baada ya miaka mitano wawili hawa wana maisha mawili. Mke ana watu anaowaambia shida zake, na mume hawajui. Mume ana marafiki wa kibandani, na mke hawaamini. Siku tatizo kubwa linapoingia nyumbani, hakuna hata mtu mmoja ambaye wote wawili wanaweza kumwendea.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kukosa Misa ni jambo zito, na juu yake kuna hili la pili: ndoa imebaki bila mashahidi wanaoijua.

MGAWANYIKO HUU ULIANZA ZAMANI

Tusiwalaumu akina baba peke yao. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka huo huo Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni ya St. Austin's upande wa magharibi. Hospitali tunayoiita leo Kenyatta ilianza mwaka 1901. Mji ulihitaji mikono ya kazi, lakini serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini kama kibarua tu. Nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa vyumba vya wanaume waseja. Mke na watoto walibaki mashambani. Huko ndiko mama alikowapeleka watoto kanisani na katekesi, naye baba alikuja likizo na mshahara.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na familia nyingi zikahamia mjini. Nyumba ikawa moja, lakini desturi ya zamani ikasafiri nao: mama wa kusali, baba wa kutafuta. Desturi iliyoletwa na vyumba vya kikoloni tusiifanye kuwa mapenzi ya Mungu.

Tutazame sasa parokia zenyewe. Kutoka sokoni ukienda upande wa Barabara ya Ngong utafika Adams Arcade, ilipo Parokia ya Bikira Maria wa Guadalupe. Jina hilo lina asili yake Meksiko, ambako Mama Maria alimtokea Juan Diego mwaka 1531. Juan Diego, mtu wa kawaida wa wenyeji wa nchi ile, alitangazwa mtakatifu mwaka 2002. Wamisionari wa Guadalupe, shirika lililoanzishwa na maaskofu wa Meksiko mwaka 1949, wamefanya kazi Kenya tangu miaka ya 1960. Ndani ya Kibera, Laini Saba, kuna kanisa la Kristo Mfalme. Ukielekea Upper Hill utafika kwa Wasalesiani wa Don Bosco, kwenye kanisa la hija la Maria Msaada wa Wakristo.

Sikukuu ya Guadalupe ni tarehe 12 Desemba. Kwa Mkenya, hiyo ni Jamhuri. Siku ambayo serikali inawapa watu mapumziko ndiyo siku ya msimamizi wa parokia. Kwa mume na mke wasioonana mchana mwaka mzima, hiyo ni nafasi iliyokwisha kutengwa kwenye kalenda.

KWA NINI JUMUIYA NDOGO NDOGO?

Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi. Walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya za majirani, na mwaka 1976 wakalipa jambo hilo uzito wa kwanza. Waliona kwamba parokia yenye maelfu ya waumini haiwezi kumjua kila mtu. Padre akisimama altareni anaona nyuso, lakini hajui ni nani aliyelala njaa na ni nani ambaye hajazungumza na mwenzake kwa wiki mbili. Jirani anajua.

Ndiyo maana jumuiya hukutana nyumbani kwa zamu, husoma Injili ya Jumapili, hutembelea wagonjwa, na mmoja akifiwa huchanga ili mwili usafirishwe nyumbani. Wakati wa Kwaresima hujadili mafundisho yanayotolewa na maaskofu wa Kenya kila mwaka.

Mwaka 1985, Agosti, Nairobi ilipokea Kongamano la 43 la Ekaristi la Kimataifa, na mada yake ilikuwa Ekaristi na Familia ya Kikristo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alilifunga kwa Misa kubwa Uhuru Park, mwendo mfupi kutoka Kenyatta Market. Miaka tisa baadaye, mwaka 1994, Sinodi ya Afrika ililiita Kanisa Familia ya Mungu. Basi kama Kanisa ni familia, haifai mmoja wenu awe mwana na mwingine awe mgeni.

NDOA YENU IMEANDIKWA WAPI?

Wengi wanadhani cheti cha ndoa ndiyo karatasi pekee. Sheria ya Kanisa inataka zaidi. Ndoa huandikwa katika kitabu cha ndoa cha parokia ilipofungwa. Kisha habari hupelekwa kwenye parokia mlikobatizwa, na kuandikwa kando ya jina la kila mmoja katika kitabu cha ubatizo. Mume aliyebatizwa Kisii na mke aliyebatizwa Machakos, wakifunga ndoa Nairobi, wanatakiwa kuwa wameandikwa mahali patatu. Jamaa watatu wa Kanisa wanaijua ndoa hiyo.

Sheria hiyo hiyo ya mwaka 1983, kanuni ya 1063, inasema kazi ya wachungaji na jumuiya haiishii siku ya harusi. Waliokwisha kuoana nao wasaidiwe waishi agano lao vizuri zaidi siku kwa siku. Kwa hiyo mkimwendea Paroko au viongozi wa jumuiya mkiwa na shida, hamuombi hisani. Mnaomba haki yenu.

WENZETU WALIOTUTANGULIA SOKONI

Matendo ya Mitume, sura ya 18, yanatupa mfano wa Akila na Prisila. Walikuwa mume na mke, mafundi wa kushona mahema. Walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakahamia Korintho, mji wa biashara. Huko Paulo alikaa kwao na kufanya nao kazi, kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja. Baadaye walihamia Efeso, na Kanisa likakusanyika nyumbani mwao. Wawili hao ndio waliomfundisha Apolo, mtu msomi.

Angalieni jambo hili: katika Agano Jipya wawili hao hutajwa pamoja kila mara. Walikuwa wafanyakazi, wahamiaji, watu wa kupanga nyumba mji wa watu. Hawakungoja mpaka biashara itulie. Kazi yao ikawa mlango wa kuwapokea wengine.

PANAPOANZIA UGOMVI

Kwanza, muda. Mke anaenda jumuiya Jumatano, kwaya Ijumaa, kesha Jumamosi. Mume anaanza kuuliza kanisa hilo ni la nani. Akina mama, msijibu kwa hasira. Mara nyingine swali lake lina haki. Huduma inayomwacha mume bila mwenzake na watoto bila mama inahitaji kupunguzwa. Chagua moja, uifanye vizuri. Nanyi akina baba, kabla ya kuhesabu saa zake za kanisani, hesabuni zenu za kibandani baada ya kazi kwisha.

Pili, fedha. Ahadi ya harambee isitolewe na mmoja kwa siri. Mume anayeahidi mbele ya watu ili aonekane, kisha nyumbani ada ya shule inakosekana, hajamtolea Mungu kitu. Mke anayechota akiba kimyakimya anajenga kanisa na kubomoa nyumba. Ketini pamoja mwanzo wa mwezi, mpange kiasi, na kisizidi hapo.

Tatu, siri. Jumuiya ni ya majirani, na majirani huongea. Kubalianeni ni mambo gani ya nyumbani yanayoweza kusemwa, na kwa nani. Mchague mume na mke mmoja mnaowaamini, ikiwezekana wasimamizi wenu wa ndoa. Lakini siri hii isifiche kipigo. Anayepigwa, au watoto wakipigwa, atafute mahali salama kwanza, na mazungumzo yafuate baadaye. Jumuiya inayomrudisha mama kwenye kipigo kwa neno la kuvumilia tu haijamsaidia yeye wala ndoa.

Nne, wale ambao bado hawajafunga ndoa kanisani. Wako wengi sokoni na mitaani. Wameishi pamoja miaka 10, wana watoto, na kila Misa hubaki kitini wakati wa Komunyo. Wengine wametimiza mila, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila. Lakini kwa sisi Wakatoliki bado Sakramenti haijapokelewa. Mara nyingi kinachowazuia ni karamu: gari, keki, nguo, hema. Kanisa halidai hayo. Linadai ninyi wawili mlio huru kuoana, mafundisho, barua za ubatizo, matangazo, Padre au shemasi, na mashahidi wawili, pamoja na taratibu za serikali. Parokia nyingi hufungisha ndoa za watu kadhaa kwa siku moja ili kupunguza gharama. Mwendeeni Paroko. Nanyi mliokwisha kufunga, msiwadharau. Waalikeni jumuiyani.

MAMBO YA KUFANYA

1. Fungeni kazi asubuhi ya Jumapili moja kila mwezi, mwende Misa wote na watoto. Ni asubuhi 12 kati ya 52. Pigeni hesabu ya hasara pamoja, muikubali pamoja. Jumapili nyingine peaneni zamu, au mmoja aende Misa ya Jumamosi jioni, ambayo hutimiza amri ya Jumapili.

2. Pokeeni jumuiya nyumbani mkiwa wawili. Baba asome Injili, asitoke nje kungoja watu waondoke.

3. Ulizeni wazee wa parokia jinsi kanisa lenu lilivyojengwa, mkiwa na watoto. Wapo waliobeba mawe na waliochanga sarafu.

4. Tafuteni mume na mke waliofunga ndoa mwaka huu, muwaalike chakula. Mtakuwa kwao kile mlichokikosa ninyi.

5. Tarehe 12 Desemba, au siku ya msimamizi wa parokia yenu, ipangeni mapema iwe siku ya familia.

MASWALI YA KUJADILIANA

Zimeni redio na simu, ketini wawili, mjibizane bila haraka.

Ni lini mara ya mwisho tuliketi benchi moja kanisani? Ni nani katika parokia anayetujua sisi wawili kama mume na mke? Tukipatwa na shida usiku wa leo, tutampigia nani, na je, wote wawili tutakubali aje? Ni jambo gani la kanisani ambalo mmoja wetu amelibeba peke yake, na mwingine anaweza kuanza kulishika Jumapili hii?