Nafasi Tupu Katika Jedwali la Elementi

Dhahabu, chuma na salfa ni elementi, yaani vitu visivyoweza kutenganishwa kwa njia za kemia vikawa vitu vingine. Maji si elementi, kwa kuwa hutenganishwa yakawa haidrojeni na oksijeni.

Mwaka 1869 elementi zilizojulikana zilikuwa 63 tu. Mtaalamu wa Urusi, jina lake Dmitri Mendeleev, alizipanga kwa kufuata uzito wa atomu zake, kuanzia nyepesi hata nzito. Akaona ya kuwa tabia zile zile hurudi baada ya hatua kadhaa, kama siku za juma zirudivyo. Basi akaziweka zinazofanana katika jamii moja. Katika jedwali la leo jamii husimama wima, na safu hulala toka kushoto kwenda kulia.

Jamii moja ina lithiamu, sodiamu na potasiamu, metali laini zikatwazo kwa kisu. Lithiamu ikitiwa majini hutoa mapovu polepole. Sodiamu huyeyuka ikakimbia huku na huku juu ya maji. Potasiamu huwaka mara moja kwa ndimi za zambarau. Kadiri mtu ashukavyo katika jamii hii, ndivyo ukali uzidivyo. Maana atomu huzidi kuwa kubwa, na elektroni ya nje, iliyo mbali na kiini, huondoka kwa urahisi. Bali mtu akivuka safu kwenda kulia, tabia za metali hupungua: sodiamu, magnesiamu na alumini ni metali, salfa na klorini sizo.

Mendeleev alipokosa elementi ifaayo mahali fulani, hakulazimisha ya jamii nyingine ikae pale, bali aliacha nafasi tupu. Mwaka 1871 alitabiri habari za elementi iliyopaswa kukaa chini ya alumini: uzito wa atomu yake utakuwa kama 68, nayo itakuwa nzito karibu mara 6 kuliko maji ya kiasi kile kile.

Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran aliipata katika mawe yenye zinki, akaiita galiamu. Lakini alipoipima alipata mara 4.7 tu. Basi mmoja wao amekosa: ama aliyeishika mkononi, ama ambaye hajaiona kamwe. Mendeleev akaandika ya kuwa kipimo kile si sahihi. Mfaransa akaisafisha galiamu yake, akaipima tena, akapata 5.9.

Mwaka 1879 skandiamu ilijaza nafasi nyingine, na mwaka 1886 jerimaniamu nayo ikapata mahali pake. Leo elementi 118 hupangwa kwa idadi ya protoni katika kiini cha atomu, wala si kwa uzito. Hata hivyo jamii zile zimedumu.

Maswali
1. Kwa nini Mendeleev aliacha nafasi tupu?
2. Rubidiamu iko chini ya potasiamu. Ikitiwa majini, itakuwa kali kuliko potasiamu, ama sivyo? Toa sababu.