SOMO LA 14: Hita ya Maji na Fundi wa Kuaminika

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba vitu vingi hutanuka vipatapo joto. Katika somo hili utaona jinsi kanuni hiyo inavyofanya kazi ndani ya chombo kimoja cha nyumbani. Utajifunza pia namna ya kumtambua fundi mwema chombo hicho kinapoharibika.

Katika miji yenye baridi, kama vile Arusha, Mbeya na Njombe, baadhi ya nyumba, hospitali na mabweni huwa na tangi la kupashia maji moto kwa umeme. Chombo hicho huitwa hita ya maji. Watu wengine hukiita boila.

A. Jaribio: Maji Hutanuka

Vifaa: chupa ndogo ya kioo, mrija mwembamba wa kunywea soda, udongo wa mfinyanzi, maji yenye rangi, na bakuli la maji ya moto yasiyochemka.

Hatua:
1. Jaza chupa maji yenye rangi mpaka pomoni.
2. Ingiza mrija mdomoni mwa chupa. Ziba nafasi inayobaki kwa udongo wa mfinyanzi, pasiwe na tundu.
3. Tia alama kwenye mrija mahali maji yalipofika.
4. Mwombe mwalimu wako aiweke chupa katika bakuli la maji ya moto.
5. Tazama maji yaliyo ndani ya mrija kwa dakika tano.

Umeona nini? Huenda mwanzoni maji yalishuka kidogo. Hii ni kwa sababu kioo hupata joto kwanza, kikatanuka kabla ya maji. Kisha maji yalipanda na kupita alama yako. Hukuongeza hata tone moja, lakini maji yamehitaji nafasi kubwa zaidi.

Sasa fikiri juu ya tangi la lita 100. Maji yake yakipashwa joto kutoka digrii 20 hadi digrii 60 za Selsiasi, yatahitaji nafasi ya karibu lita 101 na nusu. Tangi ni la chuma nalo limefungwa. Je, hiyo lita moja na nusu itakwenda wapi?

B. Sehemu za Hita ya Maji

Hita ya maji ina sehemu hizi:

Tangi. Ni la chuma, nalo limezungushiwa kitu kinachozuia joto lisipotee. Maji baridi huingia chini. Maji ya moto ni mepesi zaidi, kwa hiyo hupanda na kutokea juu.

Kipashajoto. Hiki ni chuma kilichopindwa, chenye waya ndani yake. Umeme upitapo katika waya, waya hupata moto na kuyapasha maji. Mafundi wengi hukiita koili.

Themostati. Hii huukata umeme maji yafikapo joto linalotakiwa, na kuurudisha yapoapo.

Vali ya usalama. Hii ni mlango mdogo unaoshikiliwa na springi. Msukumo wa maji ukizidi kiasi, mlango hufunguka na kuyatoa maji yaliyozidi. Hili ndilo jibu la swali letu: maji ya ziada hutoka katika vali, tone baada ya tone.

Waya wa ardhi. Umeme ukivuja, waya huu huupeleka ardhini badala ya kumpitia mtu.

Vali ya usalama si jambo jipya. Mwaka 1679 mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Denis Papin, akiwa mjini London, alionyesha sufuria yake ya kupikia kwa nguvu ya mvuke. Kwa kuwa mvuke uliofungiwa unaweza kupasua hata chuma, aliiwekea sufuria hiyo vali ya usalama. Maji yakigeuka kuwa mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Ndiyo sababu tangi lisilo na njia ya kupumulia ni hatari kubwa.

C. Dalili za Uharibifu

1. Maji hayapati moto kabisa. Huenda fyuzi imekatika, au kipashajoto kimeungua.
2. Maji huchelewa kupata moto, na tangi hutoa mlio. Huenda kipashajoto kimefunikwa na ukoko mweupe wa chokaa, kama ule unaouona ndani ya birika la chai.
3. Mvuke hutoka bombani. Themostati imekwama, nayo haikati umeme.
4. Mtu husikia umeme agusapo bomba. Umeme unavuja.
5. Vali hutona mchana na usiku, hata maji yakiwa baridi. Huenda vali imechakaa, au msukumo wa maji yaingiayo umezidi.

Dalili ya tatu na ya nne ni za hatari. Uzionapo, usiguse bomba wala tangi. Mwite mtu mzima azime umeme kwenye swichi kuu, na tangi liachwe lipoe. Usijaribu kufungua kifuniko chochote.

Kuna pia hita zinazotumia gesi. Gesi isipoungua vizuri hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Muale wa njano badala ya buluu, na masizi ukutani, ni dalili zake. Watu walio chumbani huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu. Wakiona hivyo, watoke nje mara moja wapate hewa safi. Hewa hiyo hiyo hutoka katika jiko la mkaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa.

D. Mafundi Wawili

Fikiri kwamba hita ya jirani yako inatona maji kwenye vali. Mafundi wawili wameitwa.

Fundi wa kwanza anatazama kwa dakika moja. Anasema, "Hii ni kazi ndogo." Anaifunga vali kwa nati, matone yanakoma, naye anapokea fedha na kuondoka. Hakuandika kitu.

Fundi wa pili anazima umeme kwanza, kisha anapima kwa kipimo chake kama kweli umezimika. Anauliza, "Mama, vali hutona wakati gani?" Anajibiwa kwamba hutona hita ikiwashwa tu, na hukoma maji yapoapo. Anasema, "Basi vali haina kosa. Inafanya kazi yake. Wekeni mpira wa kuyapeleka maji nje." Anapokea malipo ya ukaguzi tu, na kuandika risiti.

Ni yupi aliyetengeneza, na ni yupi aliyeharibu? Kwa macho, kazi ya fundi wa kwanza ni nzuri, kwani matone yamekoma. Lakini wewe umefanya jaribio, nawe wajua maji yanayotanuka lazima yapate njia. Fundi yule ameiziba njia hiyo. Siku themostati itakapokwama, tangi laweza kupasuka na kuua watu. Mwenye kujua jinsi chombo kifanyavyo kazi hadanganyiki upesi.

E. Kumtambua Fundi wa Kuaminika

1. Ana leseni, naye haoni vibaya kuionyesha. Katika Tanzania, leseni za mafundi wa kufunga umeme hutolewa na EWURA. Huko Uingereza, kila fundi wa hita za gesi hutakiwa kuwa katika daftari la Gas Safe Register, na huonyesha kitambulisho chenye picha yake.
2. Majirani aliowafanyia kazi wanamsifu.
3. Huchunguza kwanza, ndipo ataje gharama, naye huiandika.
4. Hueleza kosa kwa maneno yanayofahamika.
5. Akibadilisha kipuri, humwonyesha mwenye nyumba kile cha zamani.
6. Haondoi wala hafungi kifaa chochote cha usalama.
7. Hujaribu chombo mbele ya mwenye nyumba, kisha hutoa risiti. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Zoezi

1. Kwa nini maji ya moto hutokea juu ya tangi?
2. Eleza kazi ya themostati na ya vali ya usalama. Moja ikiharibika, nyingine husaidiaje?
3. Tangi la lita 200 likipashwa joto kutoka digrii 20 hadi 60, maji yataongezeka kwa karibu lita ngapi?
4. Fundi akisema, "Waya wa ardhi hauna kazi, tuukate," utamjibu nini?
5. Waulize wazazi wako jinsi wanavyochagua fundi. Linganisha majibu yao na sehemu E, kisha yajadilini darasani.