Mgeni Anapokuzidi Mshahara: Nilivyodai Changu

Kwa miaka kadhaa kazi yangu, katika kampuni moja ya usambazaji Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ilikuwa kuandaa mishahara. Anayeandaa mishahara huona yote. Nilimwona mzee wa stoo, aliyekuwapo tangu kampuni ina lori moja, akimfundisha kazi kijana aliyeingia juzi na anayemzidi karibu laki tatu. Halafu ikafika zamu yangu. Akaajiriwa mhasibu mwingine, cheo kile kile, meza ya jirani, na nikamwandalia mshahara ulioupita wangu.

Kusema nisingeweza. Kilichomo kwenye faili la mishahara ni siri ya kazi, na ningekitumia kudai haki yangu ningeambulia barua ya nidhamu. Ilibidi nijenge hoja isiyomtaja mtu yeyote. Nimekuja kuona kwamba hata asiyefungwa na siri, yule aliyesikia mshahara wa mwenzake kantini, anafaidika kufuata njia hiyo hiyo. Ukimtaja mgeni, mazungumzo yanageuka kuwa ya wivu: nani kakwambia, yeye ana shahada gani, yeye alikotoka alilipwaje. Wewe mwenyewe unasahaulika.

Elewa kwanza pengo linavyozaliwa, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyekaa kukuonea. Tuseme uliingia mwaka 2016 kwa Sh800,000 na kila mwaka ukaongezwa asilimia 3. Kufika 2024 uko kwenye Sh1,013,000 hivi. Mfumuko wa bei nao kwa miaka mingi umecheza kati ya asilimia 3 na 5, kwa hiyo kimsingi hujasogea. Mgeni haingii kwa asilimia. Anaulizwa unalipwa ngapi sasa, anataja, anaongezewa kidogo ili akubali kuhama, na anaanza na Sh1,300,000. Mshahara wako ulipangwa na soko la 2016, wake na soko la leo. Ni sawa na mwenye nyumba wa Sinza ambaye hajawahi kumpandishia kodi mpangaji wake wa zamani, na mwenye nyumba hapo ni wewe.

Pengo huweza pia kutoka chini. Mei Mosi 2025, Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kipande kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, yaani asilimia 35.1. Wa chini akiruka hivyo na aliye juu yake asiruke kwa kiwango hicho, miaka kumi ya uzoefu inaweza kubaki na thamani ya nauli.

Sheria? Watu huniuliza sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi iliyoorodheshwa: jinsia, kabila, dini, ulemavu, umri na mingineyo. Ukongwe kazini haumo. Kumlipa mgeni zaidi yako, peke yake, si kosa. Lakini ukiona wanaopitwa ni wanawake watupu, hilo ni jambo jingine kabisa, kwa sababu sheria hiyo inamtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi yenye thamani sawa. La namna hiyo linaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na kama kazini kwenu kuna tawi la chama cha wafanyakazi, soma mkataba wa hali bora kabla ya kufungua mdomo. Huenda ngazi za mishahara zimo na hakuna anayezifuata.

Mimi sikuwa na chama, hivyo nilianza na kutafuta bei. Matangazo ya kazi hapa kwetu ni nadra kutaja mshahara, kwa hiyo nilipiga simu: niliosoma nao, niliokutana nao kwenye mafunzo ya wahasibu, wakala mmoja wa ajira. Usimuulize mtu analipwa ngapi, atakwepa. Muulize, "Kwenu mhasibu wa ngazi hii anaanzia ngapi, anaishia ngapi?" Hilo watu hujibu bila kusita. Nikipata majibu ya watu wanne watano wasiofahamiana, najua soko liko wapi.

Pamoja na bei niliandika kazi zangu za sasa, ukurasa mmoja tu. Mkongwe huongezewa majukumu kimyakimya: leo ufunge hesabu za tawi la Mwanza, kesho ukae na wakaguzi, keshokutwa ufundishe wageni. Barua yako ya ajira bado inasema mhasibu msaidizi. Ziweke kando kwa kando, barua ile na kazi unazofanya, na mtu asiyekujua ataona tatizo.

Wakati ndio wengi wanaukosea. Mwaka wetu wa fedha ulianza Januari na bajeti ilikusanywa Oktoba. Mwenzangu aliyeomba Desemba aliambiwa, kwa ukweli kabisa, kwamba fungu limekwisha. Mimi nilimwendea bosi wangu Septemba. "Mama, naomba nusu saa Alhamisi, nina jambo la maslahi yangu." Usimvizie kwenye korido, na usiruke kwenda kwa mkurugenzi. Anayekuombea fungu ni bosi wako wa karibu, na akidhani umempita hatakuombea.

Siku yenyewe sikuzungumzia ada za watoto wala kodi ya nyumba. Kila mtu anazo. Nilimpa ule ukurasa, nikamwacha asome, kisha nikauliza: "Mama, nikiacha kazi mwezi ujao, nafasi hii mtaitangaza kwa mshahara gani?" Alicheka kidogo. Akanyamaza. Akataja kiasi mwenyewe, na hakikuwa mbali na nilichokuwa nimeandika.

Kuanzia hapo nikaomba nafasi yangu ipangwe upya kwenye daraja linalolingana na kazi. Nyongeza ya mwaka ina fungu lake lenye ukomo, na hapo utapewa asilimia zako zile zile 3. Kupanga daraja upya hupita meza nyingine. Ilichukua miezi, na nilipewa kwa awamu mbili, ya kwanza Januari, ya pili Julai. Sikupata yote.

Kutishia kuondoka sikushauri, isipokuwa una barua ya ajira nyingine mkononi na uko tayari kuisaini. Hata hivyo nikuambie wazi: kuna waajiri ambao hawatasogea mpaka uondoke, na ukijibiwa "tutaangalia" mwaka wa pili mfululizo bila tarehe wala maandishi, anza kutuma maombi nje.

Piga hesabu ya mkononi kabla ya kutaja kiasi. Kutoka Sh1,013,000 hadi Sh1,300,000 ni ongezeko la 287,000, lakini ukiondoa asilimia 10 ya NSSF na kodi, kinachokufikia ni kama 185,000. Ukiwa bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 nyingine inakwenda na unabaki na 142,000 hivi. Wapo waliosherehekea kwenye barua wakanuna mwisho wa mwezi.

Barua ikija, isome kabla ya kushukuru. Angalia kama fedha zimeongezwa kwenye mshahara wa msingi au zimeitwa posho. Saa za ziada hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, na kiinua mgongo pia, siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Yangu ya kwanza ilikuja na "posho ya majukumu". Niliirudisha kwa adabu, na baada ya wiki mbili ikaja nyingine.